Takwimu za Benki ya Dunia kuhusu uchafuzi wa maji kutoka viwandani: tathmini ya mtumiaji wa Tanzania

Huduma ninayoitathmini hapa ni mfululizo wa takwimu ambao Benki ya Dunia iliuchapisha kwa miaka mingi ndani ya mkusanyo wake wa Viashiria vya Maendeleo ya Dunia, unaoonyesha viwanda vya kila nchi humwaga majini kilo ngapi za uchafu unaooza kwa siku, na mzigo huo hugawanyika vipi kati ya viwanda vya chakula na vinywaji, nguo, karatasi, kemikali, vyuma, mbao, vioo na vigae, pamoja na kundi la mwisho linalobeba vyote vilivyosalia. Takwimu hizo hutolewa bure, na mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, mwandishi wa habari anayetafuta tarakimu ya kufungulia makala, au ofisa mazingira wa halmashauri anayeandaa taarifa, wote hufika hapo kwa urahisi kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine palipoweka nchi nyingi kiasi hicho katika jedwali moja. Nimelitumia jedwali hilo katika kufundisha na katika kuandika. Rai yangu ni kwamba ni chombo kizuri cha kuelewa muundo wa viwanda vya nchi, lakini hakifai kabisa kueleza hali ya maji ya nchi hiyo, na kwa bahati mbaya wengi hukifuata kwa ajili ya hilo la pili.

Ili hukumu hiyo ieleweke, ni lazima kwanza tujue kinachopimwa. Damu ya machinjio, molasi ya kiwanda cha sukari, chachu na mabaki ya kimea kutoka kiwanda cha bia, wanga unaooshwa kwenye vitambaa kabla ya kutiwa rangi, mafuta na magamba kutoka viwanda vya minofu ya sangara: vyote hivyo ni chakula cha bakteria. Vikiingia mtoni, bakteria huvila, na katika kuvila huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji ya nyuzijoto 25 hayawezi kushika oksijeni zaidi ya miligramu nane na kidogo kwa kila lita, kwa hiyo akiba yenyewe ni ndogo tangu mwanzo, na katika nchi za joto kama yetu ni ndogo zaidi kuliko katika mito ya Ulaya. Akiba hiyo ikiisha samaki hufa, maji huwa meusi, na harufu ya mayai yaliyooza huanza kupanda, kwa kuwa kazi ya kuozesha huchukuliwa na bakteria wasiohitaji oksijeni.

Kipimo cha mzigo huo ndicho ambacho maabara zote hukiita BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watakihitaji ili kuumaliza uchafu uliomo. Sampuli hufungwa ndani ya chupa, huwekwa gizani katika nyuzijoto 20 kwa siku tano, na oksijeni hupimwa mwanzoni na mwishoni. Tofauti ndiyo jibu. Ni kipimo cha zamani. Tume ya Kifalme iliyochunguza majitaka Uingereza kuanzia mwaka 1898 ndiyo iliyokipa hadhi, na taarifa yake ya mwaka 1912 ilipendekeza kikomo cha miligramu 20 kwa lita kwa majitaka yanayoingizwa mtoni. Kwetu, Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaruhusu miligramu 30 kwa lita. Kenya nayo, katika kanuni zake za mwaka 2006, iliweka kiwango hicho hicho kwa maji yanayomwagwa katika mazingira. Kwa hiyo jedwali la Benki ya Dunia linatumia lugha ambayo sheria zetu zinaitumia, na hilo ni jambo la kupongezwa. Anayelisoma hahitaji kujifunza kipimo kipya.

Ugumu uko katika namna tarakimu zenyewe zinavyopatikana. Msomaji anayeona kwamba nchi fulani ilimwaga kilo elfu kadhaa kwa siku hudhani, na ana haki ya kudhani, kwamba kuna watu waliokwenda kwenye mabomba ya viwanda vya nchi hiyo wakiwa na chupa za sampuli. Sivyo ilivyo. Msingi wa jedwali zima ni utafiti wa mwaka 1998 wa wanauchumi Hemamala Hettige, Muthukumara Mani na David Wheeler, waliokusanya vipimo halisi vya viwanda kutoka kwa mamlaka za mazingira za nchi 13, zikiwemo Brazil, China, India, Indonesia, Mexico, Sri Lanka, Thailand, Uholanzi, Ufini na Marekani. Katika orodha hiyo hakuna nchi hata moja ya Afrika. Walichokigundua ni kwamba, ukigawanya uchafu wa sekta fulani kwa idadi ya wafanyakazi wake, jibu hukaribiana kutoka nchi moja hadi nyingine. Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi: shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, lilikuwa tayari linakusanya idadi ya wafanyakazi wa kila sekta katika nchi nyingi, hivyo ilitosha kuzidisha idadi hiyo kwa kiwango cha uchafu kwa kila mfanyakazi, kisha kujumlisha sekta zote.

Nataka kuwa mwadilifu kwa watafiti hao, maana ugunduzi wao si wa kubahatisha na una mantiki inayostahili kuelezwa. Nchi inapotajirika, viwanda vyake humwaga uchafu mdogo zaidi kwa kila tani ya bidhaa, kwa sababu ya sheria kali na mitambo bora. Wakati huohuo, viwanda hivyo hutumia wafanyakazi wachache zaidi kwa kila tani ya bidhaa, kwa sababu ya mashine. Mambo hayo mawili hushuka kwa kasi inayokaribiana, na ndiyo maana uwiano wa uchafu kwa mfanyakazi hubaki palepale. Utafiti huohuo ulitoa matokeo mengine ambayo kwangu ni ya thamani kuliko jedwali lililotokana nao: dhana iliyopendwa sana wakati ule, kwamba uchafuzi hupanda nchi inapoanza kuendelea kisha hushuka wenyewe nchi ikishatajirika, haikuthibitika kwa maji ya viwandani. Jumla ya uchafu ilipanda hadi nchi ilipofika kipato cha kati, kisha ikatulia huko juu bila kushuka. Kwa sisi tunaoambiwa mara kwa mara kwamba tujenge viwanda kwanza na usafi utafuata, huo ni ujumbe mzito, na unapatikana katika utafiti wenyewe wala haupo katika jedwali.

Sasa tuangalie maana ya hesabu hiyo kwa mtumiaji. Tuchukue kiwanda cha bia chenye wafanyakazi 500 kinachomwaga majitaka yake bila kuyatibu. Mwenye kiwanda akiamua kujenga mtambo wa kisasa, wa aina ile inayotumia bakteria wasiohitaji oksijeni na kuvuna gesi, atapunguza sehemu kubwa sana ya BOD kabla maji hayajatoka getini. Katika jedwali, hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa wafanyakazi bado ni 500, na pengine idadi ya kilo itaongezeka kidogo kwa sababu ameajiri mafundi wa kuuendesha mtambo huo. Jirani yake akinunua mashine mpya za kujazia chupa na kupunguza wafanyakazi 200, huku akiendelea kumwaga uchafu uleule mtoni, jedwali litamhesabu kuwa amesafisha. Ni sawa na kukadiria moshi wa jikoni kwa kuhesabu wapishi: kwa wastani wa majiko mengi unaweza kukaribia ukweli, lakini kwa jiko moja hujui lolote.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa Webuye, magharibi mwa Kenya, ambako kiwanda kikubwa cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya 1970 kilikuwa kando ya Mto Nzoia unaoingia Ziwa Victoria. Kilifungwa mwaka 2009. Katika hesabu ya aina hii, kufungwa kwa kiwanda na watu kupoteza ajira huonekana kama kushuka kwa uchafuzi, na katika mto huenda ikawa kweli kwa muda. Lakini kwa mkono mwingine, kiwanda kama hicho kingebaki wazi na kuweka mabwawa bora ya kutibu majitaka, mfululizo huu usingekuwa na njia yoyote ya kuliandika tendo hilo jema. Takwimu isiyoweza kutofautisha kufilisika na kujirekebisha haiwezi kuwa msingi wa sera, na nasema hivyo kwa sababu nimeiona ikinukuliwa katika taarifa ambazo zilikusudiwa kuwa msingi wa sera.

Kosa la kawaida zaidi linahusu safu ya pili ya jedwali, ile ya kilo kwa kila mfanyakazi kwa siku. Watumiaji huisoma kama kipimo cha usafi wa teknolojia, wakilinganisha nchi zetu za Afrika Mashariki na zile zilizoendelea na kuhitimisha kwamba mfanyakazi wa kwetu anafanya kazi katika kiwanda kichafu zaidi. Hitimisho hilo halina msingi. Kwa kuwa kiwango cha uchafu kwa mfanyakazi wa kila sekta kimechukuliwa kuwa kilekile duniani kote, tofauti yoyote kati ya nchi na nchi katika safu hiyo inatokana na jambo moja tu, nalo ni mchanganyiko wa sekta. Nchi ambayo wafanyakazi wake wengi wako katika sukari, bia, maziwa, nyama na minofu ya samaki itaonekana chafu. Nchi ambayo wafanyakazi wake wengi wanaunda magari na vifaa vya umeme itaonekana safi. Hakuna chochote katika safu hiyo kinachosema nani anatibu majitaka yake na nani hatibu.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa jedwali pia, na ni uzuri wa kweli. Ukilisoma kama picha ya muundo wa viwanda, linakufundisha jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii: kwamba katika nchi nyingi zisizo tajiri, mzigo mkubwa wa uchafu unaooza hautoki katika viwanda vinavyotutisha kwa majina ya kemikali, unatoka katika viwanda vya chakula na vinywaji. Mtu wa Dar es Salaam akiulizwa kiwanda kichafu ni kipi, atataja kiwanda cha rangi, cha betri au cha nondo. Ni mara chache atataja kiwanda cha juisi au cha maziwa, ilhali lita moja ya maziwa iliyomwagwa mtoni inadai oksijeni nyingi kuliko lita nyingi za majitaka ya nyumbani. Nikitumia jedwali hili darasani, faida hii peke yake hutosha kuhalalisha muda tunaolipa. Wanafunzi huanza kuuliza maswali sahihi: kuna machinjio mangapi, viwanda vingapi vya mafuta ya kula, na maji ya kuoshea matangi huenda wapi.

Ni lazima tuongeze kwamba BOD yenyewe haioni kila kitu, na jedwali lililojengwa juu yake hurithi upofu huo. Kiwanda cha ngozi kinachotumia kromu kinaweza kuonekana cha wastani katika BOD huku kikiacha metali nzito kwenye tope la mto. Kiwanda cha nguo huhesabiwa kwa wanga wake, lakini rangi na chumvi zake, ambazo bakteria hawazili kwa urahisi, hupita bila kuandikwa. Ndiyo sababu kanuni zetu za mwaka 2007 hazikutosheka na BOD peke yake, zikaweka pia kikomo cha miligramu 60 kwa lita kwa COD, kipimo kinachotumia kemikali kali na joto badala ya bakteria, na kwa hiyo hukamata hata vile ambavyo bakteria huviacha. Anayetaka kuandika kuhusu sumu za viwandani asianzie hapa.

Kwa Tanzania kuna upungufu mwingine unaonigusa zaidi, nao ni vile ambavyo havikuhesabiwa kabisa. Takwimu za ajira viwandani hukusanywa kwa kawaida kutoka viwanda vyenye wafanyakazi kumi au zaidi. Akina mama wanaotia batiki rangi uani, wasindikaji wadogo wa ngozi, wapikaji wa pombe za kienyeji, na watengenezaji wa sabuni mitaani hawamo. Vilevile kuna shughuli ambazo kwa macho ya mto ni viwanda kamili, ila hufanyika ndani ya shamba na mara nyingi huhesabiwa upande wa kilimo. Mkonge ni mfano mkubwa. Katika korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, jani hupondwa na kuoshwa kwa maji mengi, na takribani asilimia nne tu ya uzito wake ndiyo inayobaki kuwa singa, yaani nyuzi. Mengine yote, maji na nyama ya jani yenye sukari na asidi, huwa taka. Mkoa wa Tanga umeishi na taka hizo tangu enzi za Wajerumani. Kule Hale umejengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo ya mkonge kuwa gesi ya kuzalisha umeme, jambo linaloonyesha ni nguvu kiasi gani iliyokuwa ikiozea mtoni. Kwenye jedwali, si uchafu wala mtambo vinavyoonekana. Kahawa inayomenywa kwa maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Mbozi ni hivyohivyo: maji matamu ya ganda la kahawa huchachuka na kuwa makali, na huteremka katika vijito vidogo wakati wa mavuno, nje ya hesabu.

Tena kuna suala la mto wenyewe, ambalo jedwali haliligusi na ambalo kwa mkazi wa kando ya maji ndilo suala lote. Kilo elfu moja za BOD kwa siku ni nyingi au ni chache? Umoja wa Ulaya huhesabu gramu 60 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa hiyo kilo elfu moja ni mzigo wa mji wa watu wasiopungua 16,000. Zikiingia katika mto unaopitisha mita moja ya ujazo kwa sekunde, yaani mita za ujazo 86,400 kwa siku, zitaongeza miligramu zipatazo 12 kwa kila lita, na mto huo utaumia lakini unaweza kupona kilomita kadhaa mbele. Zikiingia katika mto uleule wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua hadi sehemu moja ya kumi, zitaongeza miligramu 116 kwa lita, na hapo hakuna samaki atakayebaki. Viwanda vyetu vya sukari husaga miwa kwa sehemu kubwa katika miezi ya ukavu na kusimama wakati wa masika, kwa hiyo uchafu mwingi na maji machache hukutana. Wastani wa mwaka unaogawanywa kwa siku 365 unaifuta kabisa hali hiyo.

Msimbazi unaonyesha upungufu huu kwa namna nyingine. Mto huo huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita maeneo ya viwanda na makazi ya watu wengi, hupita Vingunguti kwenye machinjio na mabwawa ya majitaka, hushuka Kigogo na Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Jiji lenye mamilioni ya watu, ambalo sehemu ndogo tu ya wakazi wake wameunganishwa na mabomba ya majitaka, humwaga humo uchafu wa vyoo pamoja na wa viwanda. Mtu anayechukua tarakimu ya kitaifa ya viwanda na kuitumia kueleza hali ya Msimbazi anaviacha vyoo nje ya hadithi, na anaviacha viwanda vyenyewe bila majina. Wakulima wa mchicha na matembele wanaomwagilia kwa maji hayo hawasaidiki na jumla ya nchi nzima. Wanahitaji kujua maji ya wiki hii, mahali wanapochota.

Hitaji hilo lilionekana wazi mwezi Machi mwaka 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, yaani uchafu unaooza usiotoka viwandani, na wananchi wengi walikataa maelezo hayo wakiwa na mgodi akilini mwao. Siingii katika mzozo huo. Ninachokiona ni kwamba kama kungekuwa na mfululizo wa vipimo vya oksijeni na BOD vya mto ule, mwezi kwa mwezi, vilivyo wazi kwa kila mtu, mabishano yangeanzia kwenye ushahidi ambao pande zote zingeweza kuusoma. Takwimu ya kitaifa iliyokokotolewa kutoka idadi ya wafanyakazi haiwezi kufanya kazi hiyo, hata ingesasishwa kila mwaka.

Kuhusu njia mbadala, mtumiaji anayetaka hali ya maji aangalie kwanza kiashiria cha 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, kinachouliza ni sehemu gani ya mito, maziwa na maji ya ardhini ina ubora mzuri, na kinachotegemea vipimo vya oksijeni, chumvi, naitrojeni, fosforasi na tindikali vilivyochukuliwa majini kwenyewe. Kina mapengo mengi kwa sababu nchi nyingi hazina vituo vya kutosha vya kupimia, lakini pengo la kweli lina manufaa kuliko tarakimu iliyojazwa kwa kukadiria, maana humwonyesha waziri mahali pa kupeleka vifaa. Anayetaka kujua kiwanda kipi ndicho kinachochafua ataona mfano bora Indonesia, ambako mwaka 1995 serikali ilianzisha mpango unaoitwa PROPER, uliovipa viwanda 187 vya mwanzo rangi kulingana na majitaka yao: dhahabu, kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, na kuzitangaza rangi hizo hadharani. Kikosi cha utafiti cha Benki ya Dunia kilishiriki kuusaidia mpango huo, katika muongo uleule uliozaa jedwali letu. Laiti ningeulizwa ni lipi kati ya mazao hayo mawili liletwe Dar es Salaam, Mwanza na Thika, ningejibu bila kusita kwamba ni lile la rangi, kwa kuwa lina jina la kiwanda, na mkazi wa jirani anaweza kulisoma ubaoni na kuuliza swali.

Kwa upande wa matumizi ya kila siku, huduma yenyewe ni rahisi na ya kuaminika kiufundi. Tangu Benki ya Dunia ilipofungua hazina yake ya takwimu kwa umma mwezi Aprili mwaka 2010, hakuna malipo, na faili hupakuliwa katika muundo unaofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali, hata kwa intaneti ya simu. Maelezo ya mbinu yameambatishwa, nayo yanasema wazi kwamba tarakimu ni makadirio yaliyotokana na ajira. Wanaolaumiwa kwa matumizi mabaya ni wasomaji wanaoruka maelezo hayo. Hata hivyo, mfululizo huu hausasishwi tena na sasa unatafutwa katika matoleo ya zamani yaliyohifadhiwa. Kwa nchi nyingi unaishia katikati ya miaka ya 2000, na safu za nchi kadhaa za Afrika zina miaka mingi mitupu katikati. Tovuti husomeka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiarabu na Kichina. Kiswahili hakimo, na hilo ni pungufu kwa huduma inayohusu mito ambayo watu wake huizungumzia kwa Kiswahili.

Anayelazimika kulitumia namshauri ataje toleo alilolichukua na mwaka wa tarakimu, atumie asilimia za sekta badala ya jumla ya kilo, asilinganishe nchi kwa safu ya mfanyakazi, na asichore mstari wa miaka akauita mwenendo wa uchafuzi, kwa kuwa atakuwa amechora mwenendo wa ajira. Benki ya Dunia nayo, kama ina nia ya kuufufua mfululizo huu, ianze kwa kuweka kando ya kila jumla kile kiwango cha kilo kwa mfanyakazi kilichotumika kwa kila sekta, ili Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, bodi za maji za mabonde, na vyuo vyetu viweze kukitoa kiwango cha Uholanzi na Mexico na kuweka kilichopimwa kwenye bomba la kiwanda cha Moshi, Kilombero au Mwanza.